Kabla ya Kupuliza Dawa, Tazama Ua Kwanza



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na wanafunzi wetu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni wadudu wanaokuja kwenye maua ya nyumbani kwetu. Wataliona dogo kwa sababu tumezoea kulitazama kwa jicho moja tu: mdudu ni uchafu, na nyumba safi ni ile isiyo na mdudu. Kwa hivyo karibu kila nyumba ina kopo la dawa ya kupuliza. Akionekana nyuki kwenye waridi, kopo linatolewa. Akionekana kiwavi kwenye mlimau, kopo. Vidukari vikijaa kwenye mpilipili, kopo tena. Na mtoto anayetazama haya yote anajifunza somo moja, kwamba kila chenye miguu sita ni adui.

Maoni yangu ni kwamba somo hili si sahihi, tena linatugharimu. Linatugharimu chakula, na linawanyima watoto wetu elimu iliyo mlangoni pao, isiyotaka ada wala nauli. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitataja yale ninayoona kila familia inaweza kuyafanya.

MEZA YA FUTARI

Tuanze mahali ambapo kila mmoja wetu anapajua. Mwezi wa Ramadhani, hapa Mombasa na pwani yote, adhana ya magharibi ikikaribia, mezani huwa pana tende, tikiti, maji ya pasheni au ya embe, boga la nazi, na pengine papai lililokatwa vipande. Je, tumewahi kujiuliza vitu hivi vilipitia mikono ya nani kabla ya kufika sokoni Kongowea?

Tikiti, tango na boga ni jamaa moja. Mara nyingi mmea mmoja hutoa maua ya kiume na maua ya kike mbali mbali. Kuyatambua hakuhitaji kitabu: ua la kike lina kitunda kidogo nyuma yake hata kabla halijafunguka, na ua la kiume lina kikonyo chembamba kitupu. Chavua, yaani ule unga wa manjano, lazima itoke kwenye ua la kiume ifike kwenye la kike, nayo ni nzito na inanata, upepo hauichukui. Anayeichukua ni nyuki. Ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likipanda limeshajifumba, wala halifunguki tena. Kazi yote ina saa chache tu. Nyuki asipokuja asubuhi hiyo, kile kitunda hugeuka manjano, kikasinyaa na kuoza. Akija lakini asitimize kazi, tunda hukua upande mmoja, likapinda. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema mbegu ni mbovu au wadudu wamezidi, kisha tunaongeza dawa, na dawa ile ndiyo inayomfukuza yule mfanyakazi tuliyekuwa tukimkosa.

Pasheni nayo ina kisa chake. Ile ya manjano, inayostahimili joto letu la pwani, haikubali chavua ya ua lake yenyewe. Inataka chavua ya mmea mwingine. Tena ua lake ni kubwa, na sehemu zake za uzazi zimekaa juu kama mwavuli. Nyuki mdogo hupita chini yake, akanywa utamu na kuondoka bila kugusa panapohitajika. Anayefaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kwa kishindo, anayetoboa boriti na miti mikavu ili atage mayai, ambaye wengine humwita nyuki-seremala. Mgongo wake ndio unaofikia kule juu. Huyu ndiye tunayemkimbiza kwa ufagio kwa sababu ya vumo lake, na tunaziba matundu yake, kisha tunalalamika kwamba mpasheni unatoa maua mengi lakini hauzai.

Biringani na nyanya humtaka nyuki wa namna hiyo hiyo. Chavua yao imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu nchani, mfano wa chupa ya chumvi. Nyuki wa asali hajui kuitoa. Nyuki-seremala na nyuki wengine wa porini hulishika ua, wakatikisa misuli yao ya mbawa, chavua ikamwagika. Nyanya inaweza kutikiswa na upepo pia, lakini ukikaa karibu na biringani asubuhi utausikia mtikisiko ule, sauti yake huwa nyembamba kuliko ya kuruka.

Ama papai, wanaolihudumia hatuwaoni kwa sababu tumelala. Maua ya mpapai hunukia usiku, na wageni wake ni nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, ambao huelea mbele ya ua bila kutua. Mtaalamu wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, alichunguza mipapai ya wakulima hapa nchini akaona kwamba nondo hao ndio wanaoichavusha, na kwamba wanategemea vichaka na misitu iliyo jirani na mashamba. Kichaka kikifyekwa chote, mpapai jike hubaki ukisubiri.

Na embe je? Hapa wengi watashangaa. Miongoni mwa wanaochavusha maua madogo ya mwembe, nzi wana sehemu kubwa. Nzi huyu huyu tunayemwona hana faida yoyote!

Sitaki mtu adhani haya ni mambo ya bustani za watu wachache tu. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe hai, IPBES, lilitoa ripoti yake kuhusu wachavushaji. Ilisema kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama, kwa kiasi kikubwa au kidogo, ili zizae matunda au mbegu. Na nyuki pekee wana zaidi ya jamii 20,000 duniani. Yule anayetupa asali ni mmoja tu kati yao.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Wapo watakaosema kwamba kukaa na kutazama wadudu ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Jawabu langu ni kwamba Qur'ani Tukufu ina sura zilizoitwa kwa majina ya nyuki, sisimizi na buibui, yaani An-Nahl, An-Naml na Al-Ankabut. Sidhani kama majina hayo yamewekwa ili tuwe watu wa kuwaponda viumbe hao bila kuwatazama. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, nyuki na sisimizi wamo katika wale wanyama wanne ambao Mtume (S.A.W.) alikataza wasiuawe.

Tena kipo kisa maarufu katika Sahih Muslim kuhusu watu wa Madina na mitende yao. Mtende una miti dume na miti jike, na tangu zamani wakulima huchukua shada la maua ya kiume wakalitia katika maua ya kike kwa mikono yao. Mwaka mmoja waliacha kufanya hivyo wakidhani wameambiwa waache, na tende zikawa mbovu. Walipomweleza Mtume (S.A.W.), aliliacha jambo hilo la ukulima mikononi mwao, kwa kuwa wao ndio walioijua kazi yao. Wanazuoni wamekieleza kisa hiki kwa marefu na mapana. Mimi nachukua jambo moja tu, kwamba watu wale walilijua ua. Walijua lipi la kiume na lipi la kike, na siku ya kulishughulikia. Sisi tunaokula tende kila Ramadhani, ni wangapi tunaojua kwamba mtende una dume na jike?

Baada yao alikuja Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 868 wa Miladia. Aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, Kitab al-Hayawan, na ndani yake hakuwadharau wadudu, bali alieleza habari za sisimizi, nzi na wengineo. Hakuwa na darubini wala kamera. Alikuwa na macho, subira na kalamu, vitu ambavyo kila mwanafunzi wetu anavyo.

Hata majumbani mwetu elimu hii ipo, ila hatuiiti elimu. Mabibi zetu wanaotunga vikuba wanajua kwamba asmini huchumwa alasiri, ingali tumba, kwa sababu itafunguka yenyewe jioni na kutoa harufu yake usiku. Hiyo ni elimu ya saa ya ua. Kilichobaki ni mjukuu kumuuliza bibi yake, kwa nini ua hili lichague usiku? Na kwa nini maua mengi ya usiku ni meupe na yenye harufu kali? Jawabu ni kwamba yanaita nondo, na gizani rangi nyekundu haina kazi, bali weupe na harufu ndivyo vinavyofika mbali.

MTOTO WA MIAKA 12 NA MTU ALIYETAZAMA

Wanafunzi huniuliza, kutazama maua kutanipa nini? Nitawapa mifano miwili ya kweli.

Vanila asili yake ni Mexico. Ilipopelekwa kisiwa cha Réunion, katika bahari yetu hii ya Hindi, iliota vizuri na kutoa maua lakini haikuzaa, kwa sababu mdudu wake hakuwako. Ua lake hufunguka siku moja tu. Mwaka 1841 kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, jina lake Edmond, aligundua kwamba kwa kijiti chembamba na kidole gumba unaweza kuinua kile kiambaza kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua, ukazigusanisha. Njia yake ilikuwa nyepesi na ya haraka, na mpaka leo ndiyo inayotumika katika mashamba ya vanila ya Madagaska, ya ndugu zetu wa Komoro, na ya Uganda. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 alipewa jina la Albius. Alifariki mwaka 1880 katika umasikini, wengine wakiwa wametajirika kwa kazi ya jicho lake. Hiyo ni dhuluma ya kukumbukwa, lakini ugunduzi ni wake.

Mfano wa pili ni wa mawese. Mchikichi ulitoka Afrika Magharibi ukapandwa kwa wingi Malaysia. Huko nako matunda yalikuwa hafifu, na wenye mashamba walilazimika kuajiri watu wa kuchavusha maua kwa mikono. Mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistan, Rahman Syed, alikwenda Kamerun kuutazama mchikichi ukiwa kwao, akakuta vijidudu vidogo vya jamii ya fukusi vikiingia na kutoka katika maua yake. Baada ya kuwachunguza kwa makini ili wasije wakaleta madhara, wadudu hao waliachiliwa Malaysia mwaka 1981. Kazi iliyokuwa ya vibarua wengi ikawa ya mdudu asiyezidi punje ya mchele.

Wote wawili walianza kwa jambo moja, nalo ni kulitazama ua na kuuliza nani anaingia humu.

DAKIKA KUMI NA TANO

Basi napendekeza hivi. Kila familia itenge dakika kumi na tano kwa wiki, mzazi na watoto, kukaa mbele ya ua moja. Simu iwekwe kando, au itumike kupiga picha tu. Kila mtoto awe na daftari lenye safu nne: saa, jina la ua, mgeni aliyekuja, na alichofanya. Kama hamlijui jina la mdudu, aandike umbo lake: rangi, ukubwa, mbawa ngapi. Wasio na bustani watumie mitungi kibarazani, au ua la mboga kando ya njia.

Nitataja baadhi ya mambo ambayo mtayaona mkiwa na subira.

Uacheni mrehani mmoja utoe maua bila kukatwa. Nyuki watakuja. Mwambieni mtoto achague nyuki mmoja amfuate kwa macho. Ataona kwamba nyuki wa asali akiwa katika safari moja hupenda kubaki kwenye maua ya aina moja, mrehani kwa mrehani, ijapokuwa waridi liko pale pale. Tabia hii ndiyo inayomfanya afae, kwa sababu chavua ya mrehani haina kazi kwenye waridi. Atazame pia miguu ya nyuma, ataona vidonge vya chavua, na rangi yake hubadilika kulingana na ua.

Tazameni majani ya waridi. Mkiona jani limekatwa pembeni kwa duara safi kama lililokatwa kwa mkasi, huo si ugonjwa. Kuna nyuki anayekata vipande hivyo na kuvikunja kuwa kitanda cha yai lake. Waridi halifi kwa hilo.

Tazameni mlimau au mchungwa. Mkiona kitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani, mkiguse taratibu kwa kijiti. Huenda kikatoa vipembe viwili vyekundu na harufu kali. Huyo ni kiwavi, na sura ile ndiyo kinga yake dhidi ya ndege. Akikua huwa wa kijani, kisha pupa, kisha kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Hauwezi kumpulizia dawa kiwavi mwezi huu, kisha mwezi ujao ukauliza vipepeo wamekwenda wapi. Pale Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka 1993 wanakijiji wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza pupa wao ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo. Wao wamelipia karo za watoto kwa kiumbe ambaye sisi tunamponda kwa kiatu.

Mkiona mdudu wa manjano na mweusi anaelea hewani bila kusogea mbele ya ua, msiseme moja kwa moja ni nyuki au nyigu. Hesabuni mbawa akitua. Nyuki ana mbawa nne, nzi ana mbili. Wengi wa hao wanaoelea ni nzi wa maua waliovaa rangi za nyuki ili waogopwe, hawana mwiba wowote, na watoto wa baadhi yao hula vidukari.

Mkimkuta vunjajungu ametulia kwenye ua, mwacheni. Wazee walikuwa wakiwaambia watoto kwamba anayemgusa atavunja chungu atakachoshika baada yake. Si lazima tuamini hilo, lakini angalau mtoto alimwacha vunjajungu akiwa hai, akaendelea kuwinda.

Na mwisho, tazameni bogenvilia, ua linalopendwa kuliko yote katika nyua zetu. Zile rangi kubwa si maua bali ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe katikati. Hesabuni wageni wake kwa dakika kumi na tano, kisha mhesabu wa mrehani. Tofauti mtakayoiona itawaambia kwa nini ua uliojaa bogenvilia na miti ya mapambo peke yake unaweza kuwa mzuri kwa macho yetu na mtupu kwa nyuki.

HOJA ZA WANAOPINGA

Najua wapo wenye hofu, na hofu zao zina msingi.

Wa kwanza atasema nyuki wanauma, na wengine hufa kwa sumu yake. Ni kweli. Mzinga wa nyuki wa asali ndani ya dari au ukutani ni hatari, na unafaa kuondolewa na mfuga nyuki anayeijua kazi hiyo, usiku, si kwa mawe wala moto. Na mtoto ambaye mwili wake huvimba vibaya akiumwa asikaribie kabisa. Lakini nyuki aliye peke yake juu ya ua hayuko vitani, yuko kazini. Hana haja nawe mpaka umbane au umkanyage. Na katika nyuki wote, dume hana mwiba. Tumfundishe mtoto kukaa hatua moja nyuma, asipunge mikono, asipulize pumzi juu ya ua. Hiyo ni adabu, na adabu huondoa ajali nyingi.

Wa pili atasema, bila dawa tutauawa na mbu. Hoja hii ni nzito, kwa kuwa Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo ule wa miaka ya 2013 na 2014, na malaria haijatuacha. Lakini mbu wa dengi huzaliwa katika maji yaliyotuama ndani ya ndoo, mapipa, matairi na visahani vya chini ya mitungi ya maua. Dawa uliyopuliza juu ya waridi saa nne asubuhi haikugusa ndoo iliyo nyuma ya choo. Imwageni ndoo, yafunikeni mapipa, laleni ndani ya vyandarua. Kupigana na mbu ni wajibu. Kumuua nyuki kwa makosa ya mbu si haki.

Wa tatu atasema watoto wana mitihani. Nami nasema hii ni sehemu ya masomo yenyewe. Mwanafunzi aliyehesabu wageni wa ua kwa wiki kumi, akaandika saa na hali ya hewa, amekwisha kufanya utafiti. Karl von Frisch, aliyegundua kwamba nyuki huelekezana mahali palipo na maua kwa kucheza ndani ya mzinga, na aliyeonyesha kwamba wanaziona rangi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Vifaa vyake vya mwanzo vilikuwa makaratasi ya rangi na maji ya sukari. Vijana wetu wanaoambiwa kila siku kwamba sayansi inataka maabara ya fedha nyingi wanapaswa kulijua hili.

TUFANYE NINI?

Kwanza, dawa isipulizwe juu ya ua lililofunguka, na isiwe jambo la kwanza kufikiriwa. Vidukari vikiwa vichache vinaondoka kwa maji yenye sabuni kidogo, au kwa kuvifuta kwa kidole. Ikibidi kutumia dawa, someni karatasi yake, na ipulizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi. Dawa za jamii ya imidacloprid huingia ndani ya mmea mpaka kwenye chavua na utamu wa ua, kwa hivyo hata jioni hazimkingi nyuki. Umoja wa Ulaya uliziharamisha tatu za namna hiyo katika mashamba ya nje mwaka 2018.

Pili, tusiufunike ua wote kwa saruji na kabro. Nyuki wengi wa porini hawana mzinga, hutaga ardhini. Kipande cha udongo mtupu penye jua, hata hatua mbili kwa mbili, ni mji wao. Na gogo kavu likiachwa pembeni, nyuki-seremala hataitafuta boriti yako.

Tatu, pandeni vya kuliwa na vya kunukia pamoja: mrehani, mbaazi, boga, alizeti, asmini. Vichanue kwa zamu ili pasiwe na mwezi mtupu.

Nne, nazielekea kamati za misikiti na madrasa. Nyua nyingi za madrasa zetu zina ukuta, mchanga na bogenvilia. Kipande kidogo kikitengwa kiwe bustani ya watoto, ustadhi anapofika Surat An-Nahl hatahitaji picha ya ubaoni, atawatoa nje. Na tujikumbushe mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba anayepanda mti au mmea, ukaliwa na mtu, ndege au mnyama, ameandikiwa sadaka. Sijui kwa nini tuwe wachoyo wa sadaka hii kwa ajili ya unadhifu wa kuonekana.

Tarehe 20 Mei ya kila mwaka, tangu 2018, ni Siku ya Nyuki Duniani kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Si lazima tuingoje. Ua la boga linafunguka kesho alfajiri. Mkishaswali, tokeni na watoto, mkae kimya, mhesabu. Kisha kopo la dawa lirudi rafuni, mpaka mjue kwa hakika ni nani mnayetaka kumpulizia.

Wabillahi tawfiq.